Kiti cha Tarishi

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, mke wa kinyozi alimpa mumewe kidonge cha kwanza na maji nusu glasi. Glasi ikijaa, sehemu kubwa ya maji iliishia kwenye shuka, kwa sababu mkono wa kinyozi ulikuwa na mambo yake. Kisha alikifuta vumbi kiti kidogo cha mbao kilichokuwa kando ya kitanda, akabandika chai jikoni, akasubiri.

Baada ya dakika arobaini mlango ulibishwa. Tarishi aliingia, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akaketi kwenye kile kiti na kufungua mkoba. Barua zilizokuwamo ni za kinyozi mwenyewe, alizokuwa akiviandikia viungo vyake tangu alipofumbua macho, zikakosa wa kuzipeleka. Tarishi alizisoma moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. "Kwa kidole gumba cha kulia: tulia. Kwa goti la kushoto: jikunje. Kwa uso: tabasamu, mkeo yuko mbele yako." Mkono ulitulia, goti likajikunja, uso ukatabasamu. Kinyozi aliinuka, akaoga, akanywa chai, akaenda dukani kwake, na tarishi akamfuata na kiti chake mkononi.

Zamani kinyozi alikuwa na matarishi wake mwenyewe, maelfu kwa maelfu, aliozaliwa nao. Alipofika miaka hamsini na kitu walianza kuacha kazi mmoja mmoja, bila kuaga, na mpaka leo hajulikani aliyewaudhi. Walipobaki wachache, barua zilirundikana na mkono ukaanza kutetemeka. Huyu wa kidonge alikuwa kibarua tu, naye hakuficha.

"Mimi siponyi, mama," alisema siku ya kwanza. "Nashikilia kazi tu. Kwa muda wa saa tatu au nne hivi, halafu naondoka. Mkichelewa kuniita, barua zinalala."

Tarishi alikuja na mlinzi. Bila mlinzi angeporwa njiani, tumboni huko na kwenye damu, na kinyozi angeshinda anatapika. Mlinzi alimsindikiza hadi kwenye geti la kuingilia kichwani mwa kinyozi na hakuingia ndani hata siku moja. Alikaa nje akila karanga. Geti lenyewe lilikuwa jembamba, na nyama nayo ilipita hapo hapo. Siku moja shemeji wa kinyozi alileta nyama, ikaliwa pamoja na kidonge, na tarishi akasimama kwenye foleni nyuma ya nyama hadi adhuhuri. Alifika amenuna, akasoma barua bila kumtazama mtu. Tangu siku hiyo kidonge kilitangulia na chakula kikafuata.

Mtaani hakuna aliyeyaona haya kuwa habari. Wateja walijifunza kutazama saa, basi. Kabla ya saa moja asubuhi hakuna aliyempa kinyozi shingo yake, na baada ya hapo ungekuta wanne kwenye benchi, kila mmoja akidai alimtangulia mwenzake.

Jambo moja lilimshinda tarishi, nalo ni vizingiti. Miguu ya kinyozi ikifika mlangoni iliganda, na barua zote za dunia zisingeing'oa. Mkewe ndiye aliyepata ufumbuzi, tena kwa bahati, siku alipoangusha kitana. Mguu uliokataa kutembea ulikubali kukivuka kitana. Basi kila penye mlango aliweka kitana sakafuni mbele ya vidole vya mumewe, naye akavuka.

Jumatatu moja mke alikuwa sokoni, na mbele ya kizingiti cha duka hapakuwa na kitana. Kinyozi aliganda, akajilazimisha, akaanguka kifudifudi. Paji la uso lilishonwa nyuzi saba, na hospitali ikasema alazwe aangaliwe siku chache.

Sista wa wodi alipokea mfuko wa vidonge, akauandika jina na kuufungia kabatini.

"Anakunywa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na saa kumi na mbili jioni," mke wa kinyozi alimwambia. "Isipite hata robo saa, mwanangu."

"Toroli la dawa linapita saa mbili, saa nane, na saa mbili usiku, mama."

"Na tarishi je? Atakuja saa ngapi?"

Sista aliitazama fomu mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. "Fomu haina nafasi ya tarishi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vitanda arobaini, msaidizi mmoja na miguu iliyovimba, na alipoketi kunywa chai aliketi upande, tayari kuinuka. Lakini toroli lilikuwa na saa zake kabla yeye hajaajiriwa, naye alilikuta hivyo.

Jumanne kidonge kilikuja saa mbili, pamoja na yai. Tarishi alipomaliza kupishana na yai alifika kwenye lango la hospitali, na bawabu akamzuia.

"Muda wa kutembelea wagonjwa ni saa kumi."

"Mimi si mgeni. Mimi ni dawa."

Bawabu aliangalia karatasi yake. "Dawa zinapitia stoo."

Tarishi akaenda stoo, akasubiri mwenye ufunguo, akatia sahihi sehemu tatu. Alipofika wodini ilikuwa imebaki nusu saa ya muda wake. Alisoma barua chache mbio mbio, akiruka mistari, na kinyozi aliweza kunywa uji na kugeukia ukutani. Kisha akawa gogo.

Jumatano mkono uliokosa barua ulianza kugonga chuma cha kitanda tangu alfajiri. Uligonga mpaka saa nne. Kinyozi alimwita mkewe, kwanza kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti aliyobakiwa nayo. Katika chumba cha wauguzi lilining'inia daftari lenye kanuni za wodi, zilizoandikwa na mtu aliyestaafu zamani, na ya sita ilisema: Kitanda kikigonga, sindano ya kutuliza. Sista alifuata ya sita.

Kutoka kwenye sindano alikuja bwana mmoja mwenye mgongo mpana, koti zito na ndevu hadi kifuani. Bawabu hakumzuia, kwa sababu sindano haipitii langoni. Aliangaza macho wodini, akakiona kando ya kitanda cha kinyozi kile kiti kidogo cha mbao, kilicholetwa kutoka nyumbani, akakikalia. Hakuwa na mkoba wala barua. Wagonjwa walimwita Mzito, na wodi ikapata utulivu.

Alhamisi saa kumi mke wa kinyozi alimkuta mumewe amelala chali, macho wazi, uso umekuwa kama ukuta uliopigwa lipu. Mate yalikuwa yamelowesha mto. Tarishi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi.

"Mbona husomi?" mke aliuliza.

"Sina pa kukaa, mama. Kazi hii haifanyiki wima."

"Na huyu ni nani?"

"Wa sindano. Dawa za kutuliza ziko namna namna. Wapo wanaomsaidia yule aliyemo ndani ya kila mtu, yule anayesema taratibu, taratibu. Wanamshikia mlango, makelele yanapungua, mtu analala. Hao hawana shida na kiti changu, wakizidi tu ndiyo mzee anapepesuka. Huyu ni wa namna nyingine. Kazi yake ni kukaa. Akikaa yeye, mimi hata nikija na magunia ya barua ni bure."

Mke wa kinyozi alimgeukia Mzito. "Baba, naomba uinuke."

"Nimeambiwa nikae, mama," Mzito alijibu kwa adabu. "Nguvu zikiniisha nitaondoka mwenyewe. Siku mbili, tatu. Ila kesho nasikia kuna sindano nyingine."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwalimu mkuu mstaafu, mgonjwa wa ugonjwa huo huo wa kutetemeka. Kando yake alikaa Mzito mwingine, na ukutani aliegemea tarishi mwingine, mguu mmoja umekunjwa, mkoba umevimba kwa barua. Kila toroli lilipopita alikuja, akasimama, muda wake ukaisha, akaondoka. Hali hiyo ilikuwa na wiki tatu.

Sista alipita na karatasi. "Mama, kesho saa tatu daktari mkuu anapita. Mgonjwa akitembea hatua tano, toka kitandani mpaka mlangoni, anaandikiwa kwenda nyumbani. Asipoweza anapandishwa ghorofani."

Ghorofani palikuwa na wodi ya wasiotembea. Lifti ya kwenda huko ilipanda imejaa na kushuka tupu.

Mke wa kinyozi aliogopa. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka arobaini na moja, wamezika, wamegombana, wamenyimana salamu siku nne kwa ajili ya ndoo iliyopasuka, na hakuwahi kuogopa namna hii. Aliushika mkono wa mumewe, nao haukutetemeka, na hilo ndilo lililomliza. Alilia bila kujificha. Mzito alitazama pembeni kwa heshima.

Alipomaliza kulia alijifuta kwa ncha ya kanga, akamtazama Mzito vizuri. Ndevu zile zilikuwa za mtu ambaye hajaguswa na mkasi tangu atoke kiwandani. Zilikuwa zimeingiliana, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na mwenyewe alikuwa akizikuna.

Kinyozi hajinyoi, na kwa miaka yote hiyo ni mkewe aliyekuwa akimnyoa. Alikijua kiti cha dukani kinamfanya nini mtu mwenye ndevu.

"Sista," aliita. "Kesho lile yai la mzee mpe mwingine."

"Hilo naweza," alisema sista.

Ijumaa alfajiri alikwenda dukani na spana. Kiti cha kunyolea kilikuwa cha chuma, kinazunguka, kina egemeo la kichwa na pedali ya kupandishia, na kilifungwa sakafuni kwa bolti nne ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Bolti tatu zilimtii. Ya nne aliitukana, nayo ikatii. Mwenye mkokoteni alikipakia, na mke akafuata nyuma na kifurushi chenye wembe, brashi, sabuni, kitambaa cheupe na vitana vitano.

Langoni walimkuta tarishi akibishana na bawabu habari ya stoo. Mlinzi wake alikuwa ameshakaa chini, anakula karanga. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika ishirini.

"Muda wa kutembelea ni saa kumi," bawabu alimwambia mke wa kinyozi.

"Huo ni wa watu. Kiti si mtu."

Bawabu alipitisha kidole kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Majiko, magodoro, kuku, redio. Kiti hakikuwamo.

"Na wewe?"

"Mimi ni mwenye mzigo."

"Na huyu?" Bawabu alimwonyesha tarishi.

"Anasukuma."

Bawabu alikuwa mtu wa haki. Kisichoandikwa hakikatazwi, akafungua milango yote miwili ya lango.

Kiti hakikupita katikati ya vitanda, kikawekwa pale pale mlangoni mwa wodi. Sista alikuwa ameshika sinia lenye sindano ya siku ile. Alikitazama kiti, akamtazama mke wa kinyozi.

"Mama, kanuni inasema irudiwe kila baada ya siku moja mpaka daktari aseme basi."

"Daktari anafika saa tatu. Nisubirie hiyo robo saa tu, mwanangu. Kaa na wewe upumzike."

Sista aliangalia saa ya ukutani, kisha miguu yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda kilichokuwa kitupu na kuweka sinia mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuketi vizuri.

Mke wa kinyozi alikipandisha kiti kwa pedali, mara tatu, kwa ule mlio wake. Akakung'uta kitambaa cheupe hewani, akasema kwa sauti aliyoisikia dukani miaka yote:

"Anayefuata!"

Mzito aligeuza kichwa. Alikitazama kiti, akazishika ndevu zake, akawatazama wagonjwa wengine kuona kama yupo aliyemtangulia.

"Ni zamu yangu?" aliuliza.

"Hakuna mwingine."

"Lakini nimeambiwa nikae."

"Kwani hapa utasimama?"

Mzito alilifikiria hilo, akaona lina ukweli. Aliinuka, sakafu ikalia, akatembea hadi mlangoni na kukaa kwenye kiti cha kinyozi. Mke akamfunga kitambaa shingoni. Mzito alifumba macho na kushusha pumzi ndefu, na ikaonekana kwamba naye alikuwa amechoka.

Tarishi alikuwa ameshaketi. Alifungua mkoba uliojaa barua za siku tatu, akaanza na za juu. "Kwa kope: pepeseni. Kwa shingo: geuka. Kwa ulimi: meza mate." Kope zilipepesa. Shingo iligeuka kidogo kidogo, na macho ya kinyozi yakafika mlangoni.

Aliona kiti chake. Aliona mtu amekaa, kitambaa shingoni, ndevu hazijaguswa, na hakuna aliyemshughulikia. Tangu afungue duka hakuwahi kumwacha mteja amefungwa kitambaa halafu yeye amelala.

"Nani kamweka huyo?" alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, lakini ilitoka.

"Mimi," mkewe alijibu. "Anasubiri."

"Kwa goti la kulia," tarishi alisoma, "shuka. Kwa nyayo: sakafu hiyo."

Kinyozi aliketi, akasimama, akashika chuma cha kitanda. Miguu iliganda. Mkewe alikuwa ameshapiga magoti, anapanga vitana sakafuni kutoka kitandani hadi kitini, kimoja kila hatua: cha pembe, cha mbao, cha plastiki, cha kuchania watoto, na kile kilichokosa meno mawili. Kinyozi alivuka cha pembe. Akavuka cha mbao. Wagonjwa walikuwa wakihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Alipovuka cha watoto, daktari mkuu alitokea mlangoni na wanafunzi wake, ikabidi asimame nje kwa sababu mlango ulikuwa umejaa mteja.

Kinyozi alivuka kitana cha tano. Akapokea wembe, akaujaribu kwa kidole gumba, akapaka sabuni, akaanza chini ya sikio la kushoto. Mkono wake haukutikisika hata chembe.

"Huyu ni nani?" daktari aliuliza, akimwonyesha Mzito.

"Ni sindano ya juzi, daktari," alijibu sista, ambaye alikuwa amesimama tena.

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akaandika: Ametembea hatua tano. Aende nyumbani. Chini yake alibakiza nafasi tupu, akaijaza na tarehe. Kisha akaingia wodini kwa ubavu na kuendelea na vitanda vingine. Kuhusu kanuni ya sita hakuulizwa na hakusema.

Mzito alipogeuziwa kioo alijitazama muda mrefu. Bila ndevu alikuwa kijana tu. Alishukuru, akavua koti, akatoka nje kwenye jua, na hakuonekana tena pale.

Mke alipoanza kukusanya vitana, kinyozi alikuwa akikitazama kitanda cha jirani. Mwalimu mkuu alilala macho wazi. Mzito wake alikuwa ameinua kidevu kidogo, kama mtu anayejitokeza kwenye foleni bila kutaka kuonekana anasukuma.

"Una muda gani?" kinyozi alimuuliza tarishi.

"Dakika kumi hivi, Fundi. Barua za siku tatu zimekula muda wote."

Ndevu zile zilihitaji nusu saa. Kinyozi alimwendea Mzito wa jirani, akazipima kwa vidole. "Ijumaa ijayo," alimwambia. "Usitoke." Mzito alisema yeye hana pa kwenda. Kiti kikaachwa pale pale mlangoni, na wiki nzima wateja wa dukani walinyolewa wamekaa kwenye benchi, wakilalamika kama kawaida yao.

Ijumaa iliyofuata toroli lilipita saa mbili, kama lilivyopita kila siku. Daftari lilining'inia palepale, na kanuni ya sita ilikuwa imekolezwa wino kwa sababu ulikuwa umefifia. Vitanda viwili vipya vilikuwa na Mzito kila kimoja. Sista alikuwa amekiandika kiti kwenye orodha ya vifaa vya wodi: kiti cha kinyozi, kimoja, kizima.

Kinyozi alifika na mkewe, vitana na tarishi, akiwa na muda wa saa mbili na nusu kamili kabla ya barua kuisha. Bawabu hakumuuliza neno. Alikung'uta kitambaa.

"Anayefuata!"

Mzito wa mwalimu mkuu aliinuka. Tarishi aliyeegemea ukuta alikiona kiti kitupu, akakisogelea, akakigusa kwanza kwa mkono. Kisha akaketi, akauweka mkoba magotini, na ngozi ya mkoba ilikuwa imekauka hata ikabidi aufungue kwa meno. Barua ya juu ilikuwa na wiki nne. Aliisoma yote, mpaka sahihi.

Kidole cha shahada cha mwalimu mkuu kilitikisika juu ya shuka, kikainuka, kikamwelekea tarishi. Midomo ilifunguka.

"Umechelewa," mwalimu mkuu alisema.

"Toroli, mwalimu," tarishi alijibu, akafungua barua ya pili.